Mwanao na Ndoo ya Mvinyo

Wifi yangu wa damu,

Huku hatujambo, ni magoti tu yananigomea kwenye ngazi. Nina habari tamu: mwanao sasa ndiye msimamizi wa chumba cha kuonjea mvinyo. Wageni wanazunguka mashamba yote ya zabibu ya huku, lakini wakifika kwake hawabanduki. Juzi alinialika, mwenzio nikavaa viatu vya harusini.

Mtoto anajua kazi, wifi. Aliinua glasi kwenye mwanga, akaeleza kwamba mvinyo mwekundu wa Merlo ni laini, na wa Shirazi unawasha kama pilipili manga. Watu wazima na mvi zao wametulia tuli. Nikamwambia mgeni wa pembeni, "Huyo nimemzaa mimi." Akanijibu, "Mama, ulishasema."

Kumbe waonjaji hawamezi. Wanasukutua, kisha wanatema kwenye ndoo wasije wakalewa. Wageni wote walitema. Mwanao hakutema hata tone. Nikamsogezea ndoo, nikamnong'oneza, "Tema, mwanangu." Akacheka. "Mama, kitu kizuri hivi nikiteme?"

Kilikuwa kicheko cha kaka yako kabisa, kabla pombe haijamla ini tukamzika.

Mimi nikisema naambiwa mshamba. Wewe shangazi yake anakusikiliza. Njoo umsimulie jinsi baba yake alivyougua. Usiseme nimekuita, sema umekuja kukiona cheo chake, maana cheo ni cha kweli.

Ni mimi wifi yako,
mama wa msimamizi