Shule ya Juu na Mdomo wa Baba Mkwe

Alhamisi, 6 Februari 2025
Kikao shuleni. Bwana Edgar wa ofisi ya elimu kaja na viatu vyeupe — kwenye matope yetu haya! Anasema watoto wamepungua, shule yetu ya juu na ile ya bondeni zitaunganishwa. Moja itafungwa. Binti yangu Glory ana pumu. Kushuka sawa, je kupanda, na mvua? Nikauliza. Akasema tusilete mambo ya nyumbani kwenye maendeleo. Mtu mzima huyo!

Jumapili, 9 Februari
Eti itakayobaki ni yenye historia. Basi baada ya ibada ni historia tu. Wazee wasiojua mjukuu yuko darasa la ngapi, leo wanajua nani aliweka jiwe la kwanza! Mawe mengine yote tuliyapandisha akina mama kutoka mtoni, siku za msaragambo, kazi ya kijiji kizima, watoto mgongoni. Hayo kwenye historia hayamo.

Jumatano, 12 Februari
Bwana Edgar karudi kusikiliza. Baba mkwe, mzee Eliudi, kavaa koti la Krismasi. Kasimama. Shule hii ni ya kanisa! Wamisionari walianza na babu yangu, serikali ilikuja kuikuta tu! Makofi, vigelegele. Bwana Edgar akatabasamu. Sikulipenda lile tabasamu. Nikamnong'oneza jirani yangu Beatha: mzee katumaliza. Akanicheka, eti mimi hata kuku akikohoa silali.

Ijumaa, 21 Februari
Jibu hilo. Kiwanja ni cha kanisa, mzee mwenyewe kasema mbele ya watu, na serikali haijengi kwenye kiwanja cha wengine. Shule ya juu inafungwa. Jumatatu lori linabeba madawati. Makofi yako wapi sasa? Na ile ya bondeni ilianza juzi tu kwenye ghala la viazi! Wasomi hao.
Baba mkwe hali chakula. Nilimpelekea uji nikiwa nimejiandaa kumsema. Nikamwangalia. Nikamwongezea sukari.

Jumatatu, 24 Februari
Naandika hapa hapa darasa la tatu, kwenye dawati la Glory. Magoti hayaingii. Akina mama tumejaa kila dawati. Lori liko nje linanguruma.
Bwana Edgar alisimama mlangoni. Mama, nyanyuka, hili ni darasa la watoto. Najua — darasa hili ndipo nilipoishia kusoma, mama alipojifungua mapacha. Nikasema nimekuja kumalizia. Beatha akainuka, sote tukainuka: "Shikamoo mwalimu!" Naye, mazoea tu, akaitikia: "Marahaba, kaeni." Marahaba hata kwa mama Dorkasi wa dawati la mbele, mwenye wajukuu!
Tukakaa. Kasema mwenyewe.
Sasa yuko kwenye simu, kageukia ukuta. Glory yuko dirishani, anapumua vizuri leo. Nje kengele inagongwa. Baba mkwe, na koti lake la Krismasi. Anagonga ya kuingia.
Dereva anauliza aanze na dawati lipi. Nafungua ukurasa mpya.