Jambazi Anayetembea Kama Bata

Gwen, usicheke. Nimemwitia polisi mzee Orville. Orville huyu huyu jirani yangu!

Unaikumbuka ile kanda ya video niliyoitafuta miaka sita, ya kipindi cha TV cha kusaka majambazi watoro? Nimeiokota leo kwa watu waliokuwa wanauza vitu vikuukuu gerejini kwao. Nikaiweka, jambazi akatoka benki mbio... Gwen, ni Orville! Pua ile ile, mwendo ule ule wa bata!

Nikapiga namba iliyoandikwa kwenye kanda. Ndiyo, ya miaka thelathini iliyopita. Akapokea muuza mazulia. Ndipo nikapiga polisi.

Wamekuja, wameongea naye barazani, halafu wakaanza kucheka. Wanacheka, Gwen! Kumbe jambazi mwenyewe alishakamatwa zamani. Orville alikuwa mwigizaji tu, kaajiriwa na kipindi kuigiza lile tukio.

Nimeenda kuomba radhi na pai ya tufaha, uso sina pa kuuweka. Akaniambia, "Wewe ni wa kumi na mbili kuniripoti, bibi mpelelezi. Ila ndiwe wa kwanza mwenye kanda! Ngoja nimwite Maxine. Mke wangu miaka yote ananiita mwongo nikisema niliigiza kwenye TV."

Basi wamekuja kwangu wote wawili. Maxine kaitazama kanda, pai mkononi, mpaka mumewe akatoka benki mbio.

"Haya, Orville, samahani, hukunidanganya," akasema. "Lakini kwa mbio hizo, ungekuwa jambazi kweli, ungekamatwa hata kabla ya matangazo ya kwanza."