Zamu ya Mzee Anatoli

Simbo, Kigoma
17 Agosti 1997

Kaka yangu mpendwa Feliksi,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima huko Tabora, wewe na wifi na watoto. Sisi tunapumua. Baba bado anakohoa, ila shambani anakwenda. Asiyetulia ni mimi: nakaa, nasimama, naacha mboga inaungua jikoni.

Kaka, mwaka huu kijito kimepungua mno. Maji ya mfereji tunagawana kwa zamu: Jumanne yetu, Jumatano ya Mzee Anatoli, Alhamisi ya Spesioza. Huyu ni mjane aliyekimbia vita Burundi na binti zake wawili. Baba alimpa kipande cha ardhi upande wa chini wa shamba letu, naye akapanda maharage.

Mwezi uliopita, Jumatano, Mzee Anatoli alikuta mfereji wake mkavu. Kufuatilia, maji yametuama kwenye maharage ya Spesioza. Mkutano ukaitishwa, watu wakasema wakimbizi wanatumalizia maji. Spesioza aliapa kwamba hakugusa. Wakamcheka Kiswahili chake. Baba alipomtetea, aliambiwa kama anawapenda hivyo awafuate kambini. Siku ya tatu lori likamchukua na wanawe kuwapeleka kambini, maharage ndiyo kwanza yanatoa maua.

Kaka, ni mimi. Jumanne ile maji yalifika nusu tu ya matuta yetu ya vitunguu. Kesho yake mchana, watu wakiwa msibani, nilichukua jembe nikayageuza yaje kwetu. Yakanizidi nguvu, yakashuka kwa Spesioza. Shamba letu kuwa bichi hakuna aliyeshangaa, maana jana yake ilikuwa zamu yetu. Mkutanoni nikatazama miguu yangu.

Jana nilikwenda kambini kumwambia. Akasema anajua, alikuwa anapalilia, aliniona. Nikamuuliza mbona hakunitaja. Akanijibu, “Ningekutaja, nani angeniamini mimi? Na mzee wako angeumia bure.” Kisha akauliza kama maharage yanapata maji. Alhamisi yake wamekwisha kuigawana.

Kesho wenye mfereji wanakutana. Nitasimama niseme. Baba nitamwambia leo, akitoka kanisani. Nimeanza na wewe ili usilisikie kwa wengine, na ili nisipate nafasi ya kurudi nyuma.

Wifi msalimie sana, watoto wabusu. Uniombee.

Mdogo wako,
Agnesi