Mikufu Aliyovaa Bi Zafarani

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Manyunyu tangu asubuhi, yale yasiyomlowesha mtu lakini yanamnyima raha.

Nimekaa sebuleni kwangu Mapinga, natazama ukuta. Pale ilipokuwa picha pamebaki mraba mweupe kuliko rangi nyingine yote ya ukuta. Sikujua kama ukuta wangu umechafuka kiasi hiki.

Picha yenyewe wanaonijua wameiona. Mwanamke kijana amesimama kwenye ngazi za jumba, amevaa mikufu mitatu shingoni, bangili hadi karibu na kiwiko, vipuli masikio mazima. Anaitwa Zafarani. Ni mama yake bibi yangu mzaa baba. Marehemu baba alikuwa akimwonyesha kila mgeni kabla hata hajamkaribisha chai, na kila mara alisema maneno yale yale, kwamba huyu ni binti wa liwali, aliyetawala mji enzi za sultani, na kwamba sisi ni watu wa jumbani. Nimekua nayo hadithi hiyo. Nimemlea Zuhura, mwanangu wa pekee, kwa hadithi hiyo.

Na miezi mitatu iliyopita niliitumia vibaya. Nitafika huko.

Lile jumba la liwali sasa ni makumbusho ya historia ya mkoa wetu. Walitangaza kwamba familia za zamani zilete vitu vyao na kuandika wenyewe kadi ya maelezo itakayowekwa chini ya kila kitu. Mimi nilishaandika kadi yangu tangu wiki iliyopita, kwa mwandiko wa ubaoni, maana nimefundisha historia sekondari miaka ishirini na sita na bado naona fahari nikishika kalamu. Niliandika: "Binti wa Liwali, mbele ya nyumba ya baba yake." Nikaipenda. Nikaisoma mara tatu.

Leo asubuhi nikampitia Shangazi, dada yake baba, anayekaa Mji Mkongwe wa hapa kwetu, karibu na msikiti. Ana miaka themanini na kitu na ndiye pekee aliyebaki aliyemwona Zafarani kwa macho. Nilimchukua nikidhani namfanyia heshima, aione picha ya bibi yake ikitundikwa mahali panapostahili. Kutwa nzima ya jana hakusema atakuja wala hatakuja. Nilimkuta barazani amejifunga kanga, ananingoja.

Tulipofika mbele ya jumba akavua ndara zake.

Yule dada wa makumbusho aliyetupokea, Rehema, alimwamkia vizuri, kisha akamwambia kwa upole kwamba humu watu wanaingia na viatu. Shangazi akaitikia marahaba, ndara zake mkononi, akaupita mlango mkubwa wa nakshi kama haupo. Akazunguka ubavuni, kwenye matope, akatokea mlango mdogo wa nyuma ambao Rehema mwenyewe ilibidi aende kutafuta ufunguo wake. Niliona haya. Nikamwambia Rehema kwamba wazee wetu wana mambo yao. Nilicheka hata, Mungu anisamehe.

Mlango ule unaingia uani, na uani ndiko liliko jiko. Wamelikarabati vizuri. Kuna mafiga, kinu, na jiwe la kusagia lililolika katikati hadi limekuwa na shimo. Shangazi alilitazama jiwe lile muda mrefu. Rehema akaanza kutueleza habari za vyumba vya juu, vya wake na mabinti wa liwali, mapazia yake na vitanda vyake, akatukaribisha tupande. Mimi nilikuwa nimeshakanyaga ngazi. Shangazi akasema yeye huko hana kazi nako, na kwamba bibi yake alimweleza habari za jiwe hili, si za vitanda.

Nikarudi chini. Nikamtolea kadi yangu, nikamsomea, nikidhani labda amechoka na itamchangamsha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniomba picha, akaishika kwa mikono miwili.

"Mwanangu, wewe ni mwalimu," akasema. "Hebu niambie. Binti wa liwali angesimamishwa nje, kichwa wazi, miguu mitupu, mwanamume wa Kizungu amtazame mpaka amalize kumpiga picha?"

Nilikuwa najua jibu. Nimewafundisha watoto wa watu jibu hilo hilo mwaka baada ya mwaka, kwamba mabinti wa waungwana wa mji huu walikaa ndani, hawakuonwa na mwanamume asiye ndugu, wakitoka walitoka wamefunikwa. Nimelisema hilo darasani nikiwa na picha hii nyumbani ukutani, na sijawahi hata siku moja kuviweka vitu hivyo viwili pamoja.

Shangazi akanieleza mengine bila haraka. Liwali alitaka yule mgeni wa Kizungu aende na picha ya utajiri wa nyumba yake, lakini wake na mabinti hawaonyeshwi. Basi akaitwa mjakazi wa jikoni aliyekuwa na sura nzuri, akaogeshwa, akavishwa dhahabu ya mabibi zake, akasimamishwa kwenye ngazi. Ndara hawakumvisha, kwa sababu mtumwa hakuvaa ndara mbele ya nyumba ya bwana wake, na hakuna aliyefikiri kwamba miguu nayo itaonekana. Kabla ya magharibi kila mkufu ulikuwa umerudi kwenye kasha, na Zafarani amerudi kwenye jiwe lake. Alipopata uhuru wake aliondoka na nakala ya picha hiyo tu, iliyokuwa imeachwa jumbani. Na hata alipokuwa mzee, akipita mbele ya jumba hili na mjukuu wake mkononi, alikuwa akivua ndara. Mjukuu naye akavua. Leo amevua tena.

Nikamuuliza kwa nini hakusema miaka yote hii. Nadhani sauti yangu ilikuwa kali, maana Rehema alisogea mbali kidogo.

"Baba yako aliipenda hadithi ile, na mimi nayo ilinistiri," akasema. "Nyumbani tulikuwa tunajidanganya wenyewe. Hapa mnataka kumwongopea kila mtoto wa shule, tena juu ya jiwe lake."

Nikamuuliza Zafarani alitoka wapi. Akasema bara. Bara gani, hakujua, wala Zafarani mwenyewe hakujua, alichukuliwa angali mdogo, na jina hilo alipewa humu humu.

Bara.

Sasa lazima niandike lile la miezi mitatu iliyopita. Kuna kijana anaitwa Athumani, fundi umeme, anaswali, mpole, anampenda mwanangu na mwanangu anampenda. Kwao ni Miono, upande wa bara, wakulima wa ufuta. Wazee wake walikuja na barua ya posa, imefungwa ndani ya kitambaa cheupe kama inavyotakiwa. Tangu mume wangu afariki, mambo ya namna hiyo yanaletwa kwangu na kwa kaka yangu. Mimi sikuifungua. Nilimwambia kaka airudishe ilivyo, na kitambaa chake, na akiulizwa aseme sisi ni watu wa jumbani na hawa wa bara hatuujui ukoo wao. Maneno hayo ni yangu. Nilikuwa nimekaa hapa hapa nilipokaa sasa, chini ya picha.

Shangazi alikuwepo siku hiyo. Alinyamaza, na mimi nikadhani ameafiki.

Zuhura hakugomba. Tangu siku ile ananipa shikamoo asubuhi na usiku mwema jioni, na katikati hakuna kitu. Nilijiambia yatapita.

Huenda Zafarani alikuwa Mkwere, kama wenyeji wa huko. Huenda alitoka Miono hiyo hiyo. Huenda alitoka mbali zaidi kuliko ninavyoweza kufikiri. Hatutajua kamwe, na mimi ndiye niliyethubutu kusema ukoo wa mwingine haujulikani.

Uani pale niliona aibu ya namna mbili: ya kwanza ya kuwa kizazi cha mjakazi, ya pili ya maneno yangu kwa watu wa Miono, na ile ya kwanza naiungama ili iniumbue vizuri. Nilitamani kuirudisha picha kwenye mfuko na kwenda zangu. Nani angejua? Shangazi asingenisema. Rehema angeambiwa tumeghairi. Nilikuwa nimeshaunyoosha mkono. Lakini Shangazi hakunipa picha. Alikuwa ameiegemeza juu ya jiwe la kusagia, akitaka tuone inavyokaa.

Nikamwomba Rehema kadi mpya. Mwandiko wangu wa ubaoni ukanikimbia. Niliandika: "Zafarani, mjakazi wa jikoni katika nyumba hii. Dhahabu aliyovaa haikuwa yake." Mahali pa jina la aliyeleta nikaandika jina langu kamili, na mbele yake: kitukuu chake. Rehema alisoma, akaniuliza kama nina hakika, kwa kuwa itasomwa na watu wa mji. Nikamwambia ndiyo.

Tulitoka kwa mlango mkubwa. Shangazi alisita kizingitini, akaweka ndara chini, akazivaa, akanishika mkono tukashuka zile ngazi. Nililia kwenye bajaji mpaka kwake.

Zuhura alipotoka kazini aliukuta ukuta mtupu. Nikamsimulia yote kama nilivyoandika hapa, na lile la kunyoosha mkono. Akauliza jambo moja tu, kama Zafarani anacheka kwenye ile picha, maana hajawahi kuweza kutambua. Nikamwambia hata mimi sijui.

Kwetu upande wa mwanamke hauendi kuiomba barua uliyoirudisha. Ni fedheha, na kaka yangu keshaniambia kwa simu kwamba yeye hayumo. Basi nitakwenda na Shangazi. Kesho ni Jumapili, watu wa Miono watakuwa nyumbani.

Nimepiga pasi kitambaa cheupe. Barua nimeiandika mwenyewe, na nimeanza kwa kujitambulisha kama desturi inavyotaka: sisi ni kizazi cha Zafarani, mjakazi, aliyetoka bara.

Sijui kama wataifungua. Mimi yao sikuifungua.