Maiti Hairushi Dadu

Jumapili. Baridi ya mwezi wa saba, upepo unapita chini ya mlango kama mwenye nyumba. Chai haina sukari, duka la ushirika halijaletewa. Lakini si sukari iliyonitia uchungu mdomoni leo.

Ni Mwalimu Fulgence na karatasi zake nne.

Nimekasirika tangu alasiri na hasira haitaki kushuka, basi niandike. Pengine ikitoka mkononi itatoka na tumboni.

Mchezo wetu wa Chumvi tunaucheza kila Jumapili baada ya misa, sisi wanne, kwenye meza yangu ya kukatia nguo. Nachora njia kwa chaki ya ushonaji: kutoka huku juu Ufipa, kuteremka magenge ya Lyamba, kuvuka Mto Momba, mpaka kwenye chumvi kule bondeni, na kurudi. Kila mmoja ana mtu wake katika msafara, anamsemea kama nafsi yake. Mwalimu ndiye anayesimulia njia: hapa kuna simba, hapa homa, hapa mtemi anataka ushuru. Ikifika hatari, mwenye mtu anarusha dadu. Tano au sita, umepita. Mbili hadi nne, umepoteza mzigo. Moja, umekufa.

Dadu nililichonga mwenyewe kwa pembe ya ng'ombe, vitone nikavitoboa kwa sindano ya moto. Halimjui mtu.

Jumapili iliyopita Simbeye alifika Momba. Simbeye ni mtu wa Mwalimu katika msafara, mhunzi, anaye tangu siku ya kwanza tulipocheza. Maji yamejaa. Mwalimu akarusha.

Moja.

Akalidaka dadu kabla hata halijatulia sawasawa. "Meza imeinama," akasema.

Meza yangu! Meza ninayopimia suti za watu! Nikachukua chupa ya mafuta ya cherehani nikailaza ubavu katikati. Haikubingirika hata ukucha. Mwalimu akatazama dari, akasema tuahirishe, ana mawazo fulani kuhusu sheria.

Leo mawazo yamekuja yamepigwa taipu. "Sheria Zilizorekebishwa." Amesimama kutusomea kana kwamba tuko darasa la tatu. Mengine ni mazuri, nakiri. Ushuru wa mtemi tuchangie wote: sawa, nilisema hivyo mwaka jana nikaambiwa ninachelewesha msafara. Lakini ukurasa wa mwisho ndio wenye mguu wa Simbeye ndani yake: kila mtu akiwa hatarini arushe mara mbili, achague bora. Na sheria ianzie Mto Momba.

Ianzie Mto Momba! Hakuona hata aibu ya kuisogeza mbele kidogo.

"Tunakwenda na wakati, ndugu," anasema. Amerudi na neno hilo kutoka semina. "Mchezo wa kumwacha mwenzako afe peke yake si mchezo wa watu wa leo."

Mzee Salum, mwenye duka na lori, alikuwa anapasha mikono kwenye jiko. "Ndugu Mwalimu," akasema, "dadu halijahudhuria semina."

Nilicheka mpaka nikajichoma na chai. Mwalimu hakucheka.

Mimi hesabu ndiyo iliyonitoa Mtowisa kule bondeni. Nilipanda huku na magunia ya mchele wa watu, faida yangu kiganja, leo nina cherehani na chumba cha mbele. Basi hili halikunihitaji kalamu. Kwa sheria ya zamani, kifo ni kimoja katika sita. Kwa hii mpya ni kimoja katika thelathini na sita. Msafara wa watu wasiokufa! Nani ataogopa Momba? Nani atajadiliana usiku kucha na mamba, kama Kalolo seremala, wa nne wetu, alivyowahi kufanya tukakosa pumzi kwa kicheko? Tutashuka na kupanda kama tunaokwenda sokoni kununua dagaa.

Lakini si hesabu inayonichukiza. Niseme ukweli, hapa hakuna wa kunisikia.

Ni Nakazwe.

Nakazwe alikuwa wangu. Mchukuzi wa chumvi, mjane, mdomo mkali, anabeba kuliko wanaume. Mwaka jana aliteleza Lyamba wakati wa kurudi, mzigo kichwani. Nilirusha, ikatoka moja. Niliomba kurudia. Niliomba, mimi nisiyeomba mtu kitu. Mwalimu akaniambia kwa upole wake ule wa ubaoni: "Dadu limesema, Mama Skola. Maiti hairushi dadu."

Nikafanya kama tulivyokubaliana, kama tunavyofanyiana sisi watu. Nikapika pombe ya matanga, nikakaa chini mkekani wao wakicheza mezani. Mwalimu alikunywa vibuyu viwili akausifu ulezi wangu. Siku ya kuanua matanga ilibidi mtu arithi jina la Nakazwe na mzigo wake, aendelee na safari. Nilikataa kulitoa. Mpaka leo jina limekaa halina mtu, chumvi yake iko palepale Lyamba, duara dogo la chaki ninalolichora upya kila Jumapili, na hakuna anayeuliza.

Leo yule yule anataka mara mbili.

Tumepiga kura. Mwalimu ndiyo. Mzee Salum hapana. Kalolo akasema ndiyo, nikamgeukia kwa hasira, "Hata wewe?" Akainamisha kichwa. "Mama Skola, kule kijiji kipya cha ujamaa walikotupeleka simjui mtu. Mwalimu akisusa, mimi Jumapili naenda wapi?"

Maana Mwalimu ametamka wazi: sheria zikikataliwa, haji tena. Na hakuna mwingine anayeweza kusimulia njia. Nilijaribu mara moja alipougua. Simba wangu aliwafanya watu wapige miayo.

Imebaki kura yangu; zikilingana, sheria ya zamani inabaki. Nimewaambia Jumapili ijayo.

Nikisema ndiyo, Nakazwe alikufa kwa sababu tu hakuwa wa Mwalimu. Nikisema hapana, Kalolo anabaki na Jumapili tupu, na mimi pia, tusidanganyane.

Alipokuwa anavaa koti niliona mkono wake ukigusa chaki pale mtoni, aliposimama Simbeye. Aligusa kidogo tu, kama mtu anayemfunika mtoto. Kumbe anampenda. Namwelewa kabisa. Hilo ndilo linalonichefua kuliko yote.

Nimeamua wakati nafagia vipande vya kitambaa. Nitasema hapana. Simbeye afe majini kama mwanamume. Mwalimu atakaa mkekani, atavumilia vicheko vya Mzee Salum. Na siku ya kuanua, nitampa jina la Nakazwe alirithi, na mzigo wake ulioko Lyamba. Atake asitake, atapata mtu wa kurudi naye safarini. Sina kingine cha thamani hiyo cha kumpa, na sitampa kwa tabasamu.

Na akikataa, akasusa?

Ulezi wa matanga ya Simbeye nimeshauloweka. Pombe ya matanga haipikiwi mtu aliye hai.