Lori la Maziwa na Gari la Mheshimiwa

Soy, 5 Mei 1968

Kwa kaka yangu Wanyoike,

Nakusalimu wewe, Mama Njambi, watoto, na wote wanaonunua sukari dukani kwako. Sisi hapa tu wazima, ila goti la mume wangu Gichuru linamsumbua kwa mvua hii. Nyinyi je, mko salama?

Kaka, nina jambo. Unalijua lile lori kuukuu tulilolipata pamoja na shamba la yule setla Mzungu tulipolinunua kwa umoja. Ndilo linalobeba maziwa yetu mpaka kiwandani huko Eldoret. Leseni yake inakwisha Juni, na kuipata tena ni kulipa kodi ya barabara, inayotozwa kwa uzito wa gari. Kwa hivyo lori letu bovu, linalokohoa mpaka mtu unaona aibu, linalipa kuliko magari ya starehe ya matajiri! Safari hii hatutaweza. Na lori likilala, maziwa yataharibika, mkopo wa shamba hautalipwa, na tutafukuzwa hapa mikono mitupu kama tulivyokuja.

Jana Mbunge wetu, Mheshimiwa Murunga, alikuja sokoni. Akasema, "Kodi hii inapima uzito wa chuma. Haipimi uzito wa mfuko." Anapeleka hoja Bungeni, kila gari litozwe kwa thamani yake na kazi yake. Wanawake tulipiga vigelegele mpaka ng'ombe wa mnada wakakata kamba. Mtu yule nampenda kwa sababu hasemi na sisi kama watoto.

Wewe ndiye mwenyekiti wa wenye maduka waliomnunulia gari kwa harambee. Nakuomba, mshike mkono.

Ni mimi dadako,
Warigia


Eldoret, 20 Mei 1968

Dada yangu Warigia,

Salamu zimefika, na wanunua sukari wamezipokea. Mama Njambi ana homa kidogo, lakini bado anagombana na wateja, kwa hivyo atapona. Mpe Gichuru pole. Ajipake mafuta ya kondoo.

Sasa nisikilize. Huyo Murunga unayemsifu tulimchangia sisi. Kila duka la barabara hii lilitoa. Tulimpa gari jeusi lenye viti vya ngozi ili asitutie aibu kule Nairobi. Kumbe fadhila ya punda ni mateke! Amepanda gari letu kwenda kusema wenye magari mazuri walipe zaidi. Mimi gari langu la Pijo nililinunua kwa jasho, sikuiba. Kila Jumamosi naliosha mwenyewe, na watoto hawaingii na viatu. Kosa langu ni nini hata niadhibiwe?

Kamati imekaa. Ama aondoe hoja yake, ama arudishe gari. Nimetumwa mimi nimpelekee habari hiyo nyumbani kwake Chepkoilel, na kusema kweli nitakwenda kwa furaha.

Habari ya lori usinitajie tena.

Kaka yako,
Wanyoike


Soy, 27 Mei 1968

Kaka Wanyoike,

Natumaini homa ya Mama Njambi imeshuka. Goti la Gichuru lina nafuu, asante kwa mafuta.

Nimesoma barua yako nikalia, halafu nikakasirika. Mlimpa mtu zawadi au mlimfunga kamba shingoni? Mama yetu alikuwa akimpa mgeni uji bila kumwuliza anakwenda kulima kwa nani.

Basi nenda ukalichukue gari lenu. Lakini mtazame usoni unapolichukua, kisha uniandikie ulichokiona.

Dadako,
Warigia


Eldoret, 29 Juni 1968

Warigia mpendwa,

Tuko wazima, na homa imekwisha. Mwezi mzima sijakuandikia kwa sababu ya haya tu. Gichuru alipopita dukani kuuliza, nilimwambia ni kazi za duka, nikamdanganya.

Nilifika kwa Mheshimiwa Jumapili ya kwanza ya mwezi huu, baada ya kanisa. Mkewe, Nelima, akaniletea chai na viazi vitamu. Nikasema niliyotumwa. Hotuba niliyoipanga njia nzima ikawa maneno mawili matatu. Murunga alinisikiliza mpaka mwisho, wala hakukasirika.

"Mzee Wanyoike," akasema, "gari mlinipa kwa moyo, nami nilishukuru. Lakini hoja si yangu nikaiondoe. Ni ya watu wa Soy."

Akaweka funguo mezani. Halafu akatazama saa, akacheka. "Ila sasa itabidi unisaidie. Treni ya Nairobi inaondoka jioni hii, na hoja inasomwa Jumanne. Nifikishe stesheni."

Ningesema nini, na chai yake nimekunywa? Basi mimi mwenyekiti nikaliendesha gari tulilomnyang'anya, nikimpeleka akatuseme Bungeni! Njiani jambo la gari hakulitaja hata mara moja. Aliniuliza maziwa ya Soy hukaa muda gani kabla ya kuchacha, na mvua ikinyesha lori hupita njia gani. Sikujua, Warigia. Wewe ni dada yangu wa damu, na sikujua. Stesheni alibeba sanduku lake mwenyewe, akapanda behewa la daraja la tatu, vibarua wakamsogezea nafasi. Uliniambia nimtazame usoni. Nilimtazama, nikatamani ningekuwa yeye.

Hoja ilishindwa, bila shaka mmesikia redioni. Juzi alirudi, nikaenda kumpokea. Nilikuwa peke yangu. Nikamwuliza atafanya nini sasa. "Nitairudisha mwakani," akasema, kama mtu anayezungumzia kupanda mahindi. Kamati inanitaka nitafute mtu wa kumwangusha kwenye uchaguzi. Nimewaambia watafute kwanza mwenyekiti mwingine. Watu kama Murunga ni wachache, na sisi tulidhani tunaweza kumnunua kwa gari. Mwakani hoja ikipita, nitalipia Pijo langu bila kunung'unika. Labda nitanung'unika kidogo.

Barua hii nampa dereva wa lori lenu akuletee, maana najua kesho leseni inakwisha na Jumatatu lori halitatoka. Jumatatu hiyo asubuhi na mapema nitakuwa langoni kwenu na Pijo, na kila asubuhi baadaye mpaka mpate njia. Mikebe ya maziwa haitaenea kwa safari moja, kwa hivyo nitarudia. Tafuta magunia tutandike kwenye viti. Ukiyakosa, pakieni tu.

Kaka yako,
Wanyoike