Rukia Alikuwa Naye, Mimi Sikuwa

Ijumaa, 1971. Masika. Mvua inanyesha tangu alfajiri na ukumbi mzima unanuka mikeka mibichi.

Leo tumemsomea Salim hitma ya mwaka. Watu wameshaondoka. Nimebaki na masufuria na huu wivu wangu, ambao hata kuuandika naona haya.

Namwonea wivu Rukia.

Rukia ni nesi aliyekuwa akiruka na mume wangu, rubani wa helikopta ya wagonjwa. Siku ile walikwenda Jambiani kumchukua mama aliyeshindwa kujifungua. Wakati wa kurudi injini ikazimika, wakaanguka maweni. Watu waliowahi pale wanasema Salim aliilaza helikopta ubavu wa kwake, kusudi. Mama akapona, mtoto akazaliwa salama. Rukia akavunjika mguu. Salim wangu akafa.

Tangu hapo, penye watu, anayezungukwa ni Rukia. Leo vilevile. Mimi mjane niko jikoni napuliza moto, yeye wamemkalisha katikati ya mkeka aeleze ilivyokuwa. Kahawa yake niliipeleka mwisho, ishapoa. Akaipokea kwa mikono miwili, akanishukuru.

Baadaye alinifuata uani, akachechemea mpaka kwenye karo, akaanza kuosha vikombe bila ya kuambiwa. Nikamuuliza nilichoshindwa kumuuliza mwaka mzima: Salim alisema nini mwisho?

"Alisema, 'Rukia, mshike mama.'"

"Basi?"

"Basi, Bi Asha. Hakuwahi zaidi."

Angeweza kunidanganya. Angesema alinitaja mimi, nani angemsuta? Hakunidanganya, na jina la mwisho kinywani mwa mume wangu limebaki kuwa lake.

Nikaendelea kufuta vikombe.

Kisha naye akaniuliza, taratibu, bila ya kunitazama, kama Salim alikuwa mtu wa kucheka nyumbani. Muda wote walioruka pamoja hakupata kumwona akicheka.

Alikuwa akicheka! Nikimwigiza shangazi yake anavyogombana na muuza samaki, Salim huegemea ukuta, machozi yanamtoka, ananiomba ninyamaze.

Sikumwambia. Nilisema tu aangalie, maji yanamrukia nguo.

Alisuuza kikombe cha mwisho. Halafu akafuta mikono, akajitanda buibui lake, akaaga, akaenda zake na mvua ile.

Ipo siku nitamwambia? Huenda. Lakini leo kicheko kile bado nakitaka chote, peke yangu.